Mkandarasi huru hafanywi na kichwa cha mkataba

Karibu kila mkataba wa mkandarasi huru, yaani mtu anayemuuzia mteja kazi bila kuajiriwa naye, una kifungu kinachotangaza kwamba mkandarasi si mwajiriwa. Huwa kipo mwanzoni, kimeandikwa kwa uangalifu, na mara nyingi hurudiwa huko mbele kwa maneno mengine. Ukifika mahali panapopaswa kueleza kazi yenyewe unakuta mstari mmoja tu: “Mkandarasi atatoa huduma za kitaalamu na kufanya kazi nyingine kadiri atakavyoelekezwa na Mteja.” Aliyeuandika haoni kwamba mstari huo umeshabomoa kile kifungu cha mwanzo. Mtu anayefanya chochote anachoelekezwa, na anayemwelekeza ni yuleyule anayemlipa, ana alama ya kwanza ambayo sheria za kazi za nchi nyingi huitafuta kwa mwajiriwa.

Kwa maoni yangu, uimara wa mkataba wa namna hii umo kwenye maelezo ya kazi kuliko mahali pengine popote. Yakiandikwa vizuri yanawaepusha watu wawili na ugomvi kuhusu nini hasa kimenunuliwa. Papo hapo yanakuwa ushahidi kwamba kilichonunuliwa ni kazi, wala si muda na utii wa mtu. Vifungu vingine, hata vile vinavyotisha kwa lugha ya kisheria, vinaegemea hapo.

Tukianza na hicho kifungu cha “si mwajiriwa”, thamani yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2006 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Pendekezo namba 198 kuhusu uhusiano wa ajira. Pendekezo hilo haliibani nchi yoyote kama mkataba wa kimataifa unavyobana, lakini liliweka wazi kanuni ambayo mahakama nyingi zilishakuwa zikiifuata: uhusiano hutambuliwa hasa kwa jinsi kazi inavyofanywa na mfanyakazi anavyolipwa, hata kama wenyewe wameuita vingine kwenye karatasi. Tanzania, kupitia kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, humchukulia mtu kuwa mwajiriwa hadi ithibitike vinginevyo ikiwa ipo hata alama moja kati ya zilizotajwa. Miongoni mwake ni mtu kuongozwa na mwingine katika namna au saa za kufanya kazi, kumtegemea huyo kiuchumi, kupewa naye vifaa, au kumfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Katika jimbo la California, shauri la Dynamex la mwaka 2018 lilimtwika mwenye kutoa kazi mzigo wa kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja: kwamba hamwongozi mtu huyo katika utendaji, kwamba kazi yenyewe iko nje ya shughuli za kawaida za biashara yake, na kwamba mtu huyo ana shughuli yake mwenyewe ya aina hiyo. Likikosekana moja, mtu huyo ni mwajiriwa.

Mashauri mawili ya Uingereza yanafaa kusomwa kwa pamoja. Katika lile la Ready Mixed Concrete, lililoamuliwa mwaka 1967, dereva wa lori la zege alitakiwa kuvaa sare ya kampuni, na lori lake lilipakwa rangi za kampuni. Mkataba ulimbana kwa mengi mengine. Hata hivyo jaji aliona ni mkandarasi, kwa kuwa lori na gharama za kuliendesha vilikuwa juu yake, na alikuwa na haki ya kumweka dereva mwingine aendeshe kwa niaba yake. Nusu karne baadaye, mwaka 2018, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisikiliza kesi ya fundi bomba aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya Pimlico Plumbers. Naye alivaa sare, naye alilipa kodi kama mtu aliyejiajiri, na karatasi zake zilimwita mkandarasi huru. Lakini akitaka mtu wa kumshikia kazi alilazimika kumtoa miongoni mwa mafundi wa kampuni hiyohiyo. Mahakama ilikubali kwamba ni “mfanyakazi”, yaani si mwajiriwa kamili lakini ana stahiki kadhaa za kisheria. Sare walivaa wote wawili. Kilichowatenganisha zaidi ni kama mtu alilazimika kuifanya kazi kwa mkono wake mwenyewe.

Saini nayo haiokoi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 kampuni ya Microsoft ilikuwa ikitumia watu waliosaini kwamba wao ni wakandarasi huru, watajilipia kodi na kujitafutia mafao. Walikaa timu moja na waajiriwa, wakafanya kazi zilezile chini ya wasimamizi walewale. Mamlaka ya kodi ya Marekani ikasema hao ni waajiriwa, na kesi ya mafao iliyofuata ikamalizwa mwaka 2000 kwa maafikiano ya dola milioni 97.

Anayependa maandishi anaweza kunijibu kwa mfano wa Australia. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya huko ilisema kwamba pale mkataba wote ulipo kwenye maandishi, na si wa kuigiza, kinachoangaliwa ni haki na wajibu ulioandikwa, bila kupekua jinsi watu walivyoishi kazini. Ni kweli. Lakini katika moja ya mashauri hayo kijana aliyeitwa mkandarasi kwenye karatasi alionekana kuwa mwajiriwa, kwa sababu vifungu vyenyewe vilimpa mwingine mamlaka ya kumwelekeza aende wapi na afanye nini. Yaani hata mahakama iliyoheshimu maandishi kuliko nyingine zote haikusoma jina. Ilisoma maelezo ya kazi. Kisha, Agosti 2024, sheria mpya ikarudisha kipimo cha hali halisi.

Sasa hayo maelezo yaandikwe vipi? Tuseme chama kinataka programu ya kusajili wanachama. Mkataba dhaifu utasema mkandarasi “atasaidia idara ya teknolojia katika masuala ya usajili kwa miezi sita”. Mkataba wenye akili utasema atakabidhi, kwa tarehe iliyotajwa, programu inayomwezesha mwanachama kujisajili kwa simu, kupata ujumbe wa uthibitisho na kubadilisha taarifa zake mwenyewe; inayomwezesha msimamizi kupakua orodha nzima; pamoja na mwongozo wa matumizi. Kisha utaongeza sentensi ambayo wengi huisahau: kwamba kazi hii haihusu kuhamisha kumbukumbu za zamani, wala kuitunza programu baada ya kukabidhiwa. Sentensi hiyo ya mambo yasiyohusika naithamini kuliko kurasa nzima za ufafanuzi wa istilahi. Ugomvi mwingi huzaliwa pale ambapo mmoja alidhani jambo fulani “linaeleweka tu kwamba limo”, na mwenzake hakuwahi kuliwaza.

Utaona pia nini hakimo. Hakuna saa ya kuingia, hakuna meza ya kukalia, hakuna utaratibu wa kuomba ruhusa, hakuna namna ya kuifanya kazi. Kuna kitu kitakachokabidhiwa na tarehe ya kukikabidhi. Uhuru wa mkandarasi umeonekana bila mtu kuutangaza.

Kueleza kitu tu hakutoshi. Lazima ijulikane nani atasema kimekamilika. Hapa ndipo mikataba mingi, hata ile iliyoandikwa na mawakili, huwa na shimo. Husema malipo ya mwisho yatatolewa “baada ya Mteja kuridhika”. Kuridhika na nini? Nani ndani ya ofisi ya mteja aridhike? Mkurugenzi aliyeagiza kazi, ofisa anayeitumia kila siku, au mhasibu anayeshika hundi? Nimesoma mikataba ambayo mkandarasi angeweza kukamilisha kila kilichoandikwa na bado asidai senti, kwa kuwa hakuna aliyewajibika kusema ndiyo au hapana.

Dawa yake ni kifungu cha mapokezi. Kimtaje mtu mmoja kwa cheo chake, mwenye mamlaka ya kupokea kazi. Kiseme kazi itapimwa kwa yale yaliyoandikwa kwenye maelezo, na siyo kwa ladha ya siku hiyo. Kitoe muda, tuseme siku kumi za kazi, ambazo ndani yake mteja atapokea au atakataa kwa maandishi akionyesha kasoro moja moja. Muda huo ukipita kimya, kazi ihesabiwe imepokelewa. Wateja hukichukia kipengele hiki cha kimya, na ninaelewa kwa nini: kinawalazimisha kufungua faili wakati wana mambo mengine. Lakini bila hicho, mkandarasi anaikopesha ofisi ya mteja kwa muda usiojulikana, bila riba na bila kuulizwa. Kwa kazi za uandishi, usanifu au michoro, andika pia ni mara ngapi mteja anaweza kurudisha kazi irekebishwe ndani ya bei ileile. Duru mbili ni kawaida ya kutosha. Anayetaka ya tatu ailipie.

Lipo pia suala la wajibu wa mteja, ambalo kwenye mikataba iliyoandikwa na mteja mwenyewe huwa halionekani kabisa. Mkandarasi hawezi kutengeneza programu ya usajili kama hajapewa fomu za sasa, wala kukagua hesabu kama makabati yamefungwa. Kwa hiyo liandikwe nini mteja atatoa na lini, na kwamba akichelewa siku tano, tarehe ya makabidhiano nayo inasogea siku tano. Kipengele cha sentensi mbili kama hiki kinazuia barua nyingi za kulaumiana.

Na kazi ikibadilika njiani, maana itabadilika? Mteja akiiona programu kwa mara ya kwanza ndipo anapojua alichokuwa anakitaka. Hilo si kosa lake, ndivyo watu walivyo. Kosa ni kulipitisha badiliko kwa simu, au kwa ujumbe wa “hebu ongeza na hiki kidogo”. Mkataba useme badiliko lolote litaandikwa kwenye karatasi fupi yenye mambo matatu, yaani nini kinaongezwa au kupunguzwa, bei inabadilika kwa kiasi gani, na tarehe inasogea hadi lini, na kwamba mkandarasi halazimiki kuanza kabla pande zote mbili hazijakubali. Barua pepe inatosha. Mkandarasi anayeona aibu kuomba karatasi hiyo hujikuta amefanya kazi mbili kwa malipo ya moja, na mteja wala hajui kwamba amemdhulumu mtu.

Malipo yafuate kazi, yasifuate kalenda. Kiasi kilekile kinachoingia kila tarehe ya mwisho wa mwezi, iwe kuna kilichokabidhiwa au hakuna, kinafanana na mshahara hata ukikiita ada. Afadhali malipo ya awali ya kumwezesha kuanza, kisha awamu zinazofungamana na makabidhiano, na za mwisho zibaki kiasi cha kumfanya mkandarasi arudi kumalizia kasoro. Kiasi gani? Kikiwa kidogo mno atapotea, na kikiwa nusu ya bei yote mteja anapata silaha. Mimi husimama kati ya asilimia 10 na 20, nikikiri kwamba hakuna sheria ya maumbile inayosema hivyo. Muda wa kulipa ankara nao uandikwe kwa siku. Jiji la New York liliona jambo hili lina uzito wa kutungiwa sheria: tangu 2017, kazi ya mkandarasi binafsi yenye thamani ya dola 800 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama mkataba hautaji tarehe ya malipo, malipo yatolewe ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika. Pale ambapo sheria kama hiyo haipo, mkataba wenyewe uibebe kazi hiyo, pamoja na riba ya ucheleweshaji. Na iandikwe nani anabeba kodi ipi: kama mteja anatakiwa kisheria kukata kodi ya zuio, bei itajwe kabla au baada ya makato, la sivyo mmoja atahisi ameibiwa.

Hakimiliki ndilo eneo ambalo watu wenye nia njema huumizana zaidi, kwa sababu kila upande una uhakika kwamba jibu ni dhahiri. Mteja anasema, nimelipa, ni yangu. Mkandarasi anasema, nimetunga, ni yangu. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mgogoro kati ya asasi ya kutetea wasio na makazi mjini Washington na msanii aliyeichongea sanamu ya familia isiyo na makao. Asasi ilitoa wazo, ikatengeneza kitako cha sanamu, ikagharamia vifaa. Hakukuwa na mkataba wa maandishi, na hakuna upande uliowahi kutaja hakimiliki kabla ya kugombana. Mahakama ilisema msanii alikuwa mkandarasi huru, kwa hiyo asasi haikupata hakimiliki moja kwa moja kama mwajiri angeipata. Angalia jinsi jambo lilivyogeuka: uleule uhuru wa mkandarasi ambao mteja huutaka unapomwondolea gharama za ajira, ndio unaomnyima umiliki.

Kwa hiyo uhamisho wa haki uandikwe waziwazi, na utajwe unatokea lini. Pendekezo langu ni kwamba haki zihame malipo ya mwisho yanapoingia, si siku ya kusaini. Mkandarasi abaki na zana zake, yaani zile programu ndogo, violezo na mbinu alizokuja nazo, huku mteja akipata ruhusa ya kudumu ya kuzitumia ndani ya kazi aliyoinunua. Kifungu kinachodai kila kitu ambacho mkandarasi “amewahi au atawahi kubuni” ni cha uchoyo. Zaidi ya hapo, kinaonyesha mtu anayejiona mwajiri.

Hilo linatuleta kwenye vifungu vinavyopenyeza ajira kwa mlango wa nyuma. Kumkataza mkandarasi kufanya kazi na mtu mwingine yeyote katika muda wote wa mkataba ni kumfanya akutegemee wewe peke yako, ambayo ni alama nyingine ya mwajiriwa. Kama hofu ni siri za biashara, andika kifungu cha usiri kinachotaja siri zipi na kwa muda gani. Kama hofu ni mshindani fulani, mtaje mshindani huyo. Ripoti za kila siku, zamu, ruhusa ya likizo, barua za onyo: vyote hivyo viondoke. Ikiwa huwezi kuviondoa kwa sababu kweli unahitaji mtu awepo kila asubuhi na afanye utakavyosema, basi unahitaji mwajiriwa, na hakuna ustadi wa uandishi utakaokubadilishia ukweli huo. Haki ya kuweka mtu mwingine afanye kazi kwa niaba yake nayo iandikwe pale tu ambapo kweli utaikubali. Ikiwa umemchagua mtu kwa jina lake na usingempokea mwingine, kifungu hicho kitakuumbua.

Faini za ucheleweshaji nitazipitia haraka. Kiasi kilichowekwa ili kumtisha mtu, bila uwiano na hasara, hakina usalama mahakamani. Uingereza huuliza kama kiasi hicho kimezidi mno maslahi halali ya anayedai, na Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa inamruhusu jaji kukipunguza kikionekana kikubwa kupita kiasi. Weka asilimia ndogo kwa kila wiki ya kuchelewa, na ukomo wake. Uwajibikaji wa jumla nao uwe na ukomo, na mara nyingi thamani ya mkataba inatosha, isipokuwa kwa udanganyifu, uvujishaji wa siri na madhara kwa mwili wa mtu. Kumtaka mtu mmoja mwenye kompyuta moja abebe hasara zote za shirika, “za moja kwa moja na zisizo za moja kwa moja”, ni kujaza karatasi. Hana cha kulipia.

Kuachana kunahitaji kurasa zaidi kuliko kunavyopewa. Kila upande uwe na njia ya kutoka kwa notisi iliyotajwa, na mteja anayesitisha bila kosa la mkandarasi alipe kazi iliyokwisha kufanyika, pamoja na gharama ambazo mkandarasi alishaziingia kwa ajili yake. Upande wa pili, mkandarasi akabidhi kazi ilivyo, nywila zote, mafaili ghafi na maelezo yatakayomwezesha mwingine kuendelea. Mafaili hayo yasiwe mateka wa ankara yenye ubishi. Sehemu isiyobishaniwa ilipwe, nyingine ipelekwe kwa msuluhishi. Kwa mikataba midogo, usuluhishi wa muda mfupi kwa mtu aliyekubaliwa mapema una maana kuliko kifungu cha baraza la usuluhishi la mbali ambalo ada yake inazidi deni lenyewe. Taja pia sheria ya nchi gani itatumika, hasa pale pande mbili zipo nchi tofauti, na ujue kwamba kuchagua sheria ya kigeni mara nyingi hakumnyimi mtu kinga za kazi za mahali anapofanyia kazi.

Linalosahauliwa kuliko yote ni kuhuisha mkataba. Kazi ya kwanza imekwisha, watu wanaelewana, na mkandarasi anaendelea tu. Ankara zinaingia kila mwezi, kiambatisho cha maelezo ya kazi ni kilekile cha mwaka juzi, na barua pepe zinaanza kusema “mwambie fulani afanye”. Hakuna aliyeamua kumwajiri, ila kila mtu ofisini anamtumia kama mwajiriwa. Mkataba useme hauendelei wenyewe: kila awamu mpya ije na kiambatisho kipya chenye kitu kipya cha kukabidhiwa, tarehe na bei. Mteja akikaa kukiandika akajikuta hajui aandike nini zaidi ya “aendelee na majukumu yake”, aende moja kwa moja kwa ofisa rasilimali watu akaombe fomu ya ajira.